Haidra Katika Tangi la Samaki: Mwongozo kwa Wafugaji wa Nakuru

Vifaranga vya samaki vikipungua tangini siku baada ya siku na huoni hata mzoga mmoja, subiri usiku uingie. Zima taa ya chumba, washa tochi, uimulike kutoka ubavuni mwa kioo, hasa pembeni mwa filta na kwenye majani yaliyo karibu na uso wa maji. Ukiona vijiti vyeupe au vya rangi ya chai, virefu kama nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu, vimejishika kiooni kwa ncha moja na kwa ncha nyingine vinapeperusha minyiri mitano au saba myembamba kuliko uzi, basi umempata mla vifaranga. Huyo ni haidra.

Haidra ni wa ukoo mmoja na anemoni, yavuyavu na matumbawe. Wale wengine karibu wote wamebaki baharini, naye ameteremkia maji matamu, na tabia za ukoo amekuja nazo. Minyiri yake imejaa seli ndogo zenye miiba ya sumu. Kidudu kikiigusa tu, miiba hufyatuka, kinaganda, kinavutwa mdomoni. Mkono wako hauhisi kitu. Gapi mzima, samaki-dhahabu au perege wa urefu wa kidole hupita katikati yake bila shida. Kifaranga cha siku ya kwanza, chenye mfuko wa kiini bado tumboni, hakina bahati hiyo, wala kamba wadogo wa mapambo.

Kabla hujagusa dawa yoyote, hakikisha ni yeye. Chukua kijiti chembamba umguse. Haidra hujikunja mara moja akawa tone dogo la utelezi, kisha baada ya dakika chache hujinyoosha tena. Minyoo bapa nayo hupatikana kwenye kioo, lakini hiyo huteleza ikitembea, ina kichwa chenye umbo la mshale na vitone viwili vya macho. Vile vinyuzi vyeupe vinavyojinyonganyonga kwenye changarawe ni minyoo wanaokula mabaki, na hawadhuru samaki. Nimeona watu wakimwaga dawa kali kuua hao wasio na hatia, halafu wanashangaa maji yamechafuka zaidi.

Na swali la pili: je, unahitaji kumuua kweli? Ikiwa tangi lako liko sebuleni au kwenye mapokezi ya hoteli, lina samaki wakubwa tu na huzalishi, haidra wachache ni suala la sura ya kioo. Punguza chakula na uendelee na maisha. Ikiwa unazalisha gapi, moli au samaki-dhahabu wa kuuza, au una tangi la kulelea viluwiluwi vya kambare, hapo ni vita, kwa sababu kundi la haidra likishakomaa linaweza kumaliza kizazi kizima.

Wafugaji wengi wa huku huuliza kwa nini tatizo hili huwakamata wao kuliko jamaa zao wa Mombasa au Kisumu. Jibu liko kwenye baridi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai katika nyumba ya Milimani au Lanet si wa mchezo. Tangi lisilo na hita hukaa kwenye nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi muda mrefu wa mwaka. Maabara zinazofuga haidra kwa utafiti huwaweka kwenye joto la nyuzi 18 hadi 20. Kwa maneno mengine, chumba chako tayari ni kitalu chake. Kuongeza joto hadi kiwango ambacho samaki wako wanavumilia hakumwondoi kwa uhakika, kwa hiyo usinunue hita ukidhani ndiyo tiba. Nunua hita kwa ajili ya samaki.

Anaingiaje? Hapiti hewani wala hazaliwi na uchafu. Huletwa. Mara nyingi huletwa na majani: yale mashina mabichi yaliyochumwa Ziwa Naivasha au kwenye bwawa la shamba huko Njoro, yakatiwa kwenye ndoo, yakapandwa tangini jioni ileile. Huletwa pia na dafnia, wale viroboto wa maji wanaochotwa madimbwini kwa kitambaa ili walishwe vifaranga, na mara nyingine na maji ya mfuko ulionunulia samaki. Haidra mmoja aliyejikunja ni mdogo kiasi kwamba hata mwenye macho makali hamwoni.

Baada ya kuingia, kinachobaki ni chakula, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini zaidi kuliko kwenye suala la dawa. Haidra huzaa kwa kuchipua. Ubavuni mwake hutokea kichipukizi, kinaota minyiri, kisha kinajikata na kwenda zake. Akishiba, kundi lake linaweza kuongezeka maradufu kila siku mbili au tatu. Piga hesabu: mmoja akizidisha mara mbili kila siku tatu, baada ya mwezi wako zaidi ya 1,000. Akikosa chakula, huacha kuchipua, akanywea, akangoja, na anaweza kungoja kwa wiki kadhaa. Tangi lenye haidra wengi ni tangi linalolishwa kupita kiasi, hasa kwa artemia waliototolewa na dafnia. Artemia hawezi kumleta haidra, maana hutoka kwenye maji ya chumvi, lakini ndiye chakula anachokipenda kuliko vyote. Mfugaji anayemwaga artemia asubuhi, mchana na jioni, kisha theluthi moja ikabaki ikielea, anawalisha maadui wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo anza hivi. Ikiwa tangi lina samaki wakubwa peke yao, walishe siku moja, ruka siku moja, kwa kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Hawatakufa. Nyonya mabaki yaliyo kwenye changarawe. Fanya hivyo kwa wiki mbili na utaona idadi ikishuka bila senti kukutoka. Ikiwa kuna vifaranga, huwezi kuvinyima chakula, kwa hiyo vihamishe. Chota kimoja kimoja au vichache kwa kikombe cheupe, uvitazame vizuri usije ukabeba na haidra, uvitie kwenye ndoo safi yenye maji yaliyopumzishwa. Ndoo hiyo iwe na kipumulio na sponji mpya. Usihamishe sponji ya zamani, maana haidra wamejificha ndani yake. Sponji mpya haina bado bakteria wa kusafisha maji, basi badilisha robo ya maji ya ndoo kila siku.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo watu wengi hulifanya kwa hasira: kukwaruza kioo. Mwaka 1744 Abraham Trembley, mtaalamu wa Geneva aliyekuwa akifundisha watoto wa tajiri mmoja nchini Uholanzi, alichapisha kitabu kuhusu viumbe hawa. Alikuwa amewakata vipande kwa mkasi, akaona kila kipande kikikua na kuwa haidra kamili. Alimgeuza mmoja nje ndani kama soksi naye akaendelea kuishi. Wembe wako utafanya yaleyale bila kitabu. Kila mmoja unayempasua huweza kuwa wawili au watatu, na vipande husambazwa na mkondo wa filta hadi pembe zote za tangi.

Ukitaka kuwatoa kwa mkono, tumia mpira mwembamba wa kipumulio. Funga ncha moja kwenye kijiti ili uielekeze vizuri, ncha nyingine iwe kwenye ndoo chini, anzisha mkondo, kisha mfunike haidra mzima kwa mdomo wa mpira kabla hajashtuka. Atanyonywa akiwa mzima. Kazi hii inafaa wakiwa kumi au ishirini. Wakiwa mamia utachoka tu.

Wapo samaki wanaomla. Gurami mwenye madoa matatu ndiye anayesifiwa zaidi, na samaki-peponi naye humla. Lakini gurami huyohuyo atakula vifaranga vyako kwa raha ileile, kwa hiyo mtie baada ya kuhamisha watoto, mwache na njaa kidogo, na usishangae ikiwa mmoja atafanya kazi na mwingine atasubiri chakula cha mfukoni.

Dawa ipo, na habari njema kwa mtu wa Nakuru ni kwamba haipatikani kwenye maduka ya samaki pekee. Iko kwenye agroveti, miongoni mwa dawa za minyoo ya ng'ombe, kondoo na mbwa. Jina la kutafuta kwenye lebo ni fenibendazoli. Soma ule mstari mdogo wa viambato, usisome jina kubwa la biashara. Nakuru ni nchi ya mifugo na rafu za agroveti zimejaa chupa zinazofanana, lakini zinazofaa tangi lako ni chache sana. Aivamektini, iliyo maarufu kwa kupe na minyoo, ni sumu kali kwa viumbe wa majini na huua samaki pia. Dawa zilizochanganywa na kiambato cha kuua minyoo ya ini, kama oksiklozanaidi au rafoksanaidi, ziache hapohapo. Dawa za kuogeshea ng'ombe zisikaribie hata chumba chenye tangi. Hata mikono iliyoogesha ng'ombe asubuhi ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa maji ya samaki. Mwambie muuzaji waziwazi unaitaka ya nini. Akikuambia kwamba zote ni sawa, nenda duka la pili.

Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni takriban miligramu 0.6 za fenibendazoli kwa kila lita ya maji. Kipimo ni kidogo mno, na chupa ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa kilo 300, kwa hiyo hapa hesabu ndiyo kila kitu. Pima tangi kwa ndani: urefu mara upana mara kimo cha maji, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 hutoa lita 54. Ukiondoa changarawe na mawe, chukulia lita 50. Lita 50 mara 0.6 ni miligramu 30. Dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, basi unahitaji mililita 0.3. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa mililita, basi unahitaji mililita 1.2. Kwa mtu asiye na vipimo vya maabara, ile hafifu ya kondoo ndiyo bora, kwa sababu kuteleza kidogo kwa bomba la sindano hakutazidisha kipimo mara mbili. Mililita 0.3 zipime kwa bomba la insulini. Kijiko cha chai hakina kazi hapa.

Tikisa chupa sana, kwa kuwa dawa hii haiyeyuki vizuri na nguvu yake hukaa chini. Ichanganye kwenye chupa ya nusu lita ya maji ya tangi, tikisa tena, kisha mimina polepole mbele ya mkondo wa filta. Kabla ya hapo toa mkaa maalumu ulio ndani ya filta, kama upo, maana utaifyonza dawa. Toa pia konokono unaowapenda. Fenibendazoli huwadhuru konokono wengi wa mapambo, na mabaki yake hubaki kwenye sponji na changarawe kwa muda mrefu, kwa hiyo wasirudishwe wiki ileile. Samaki na kamba wadogo kwa kawaida huvumilia kipimo hiki. Washa kipumulio usiku na mchana.

Siku ya kwanza utaona minyiri ikifupika. Siku ya pili haidra wengi watakuwa vitone vilivyonywea, na ya tatu wameanza kuachia kioo. Hapo ndipo hatari ya huku kwetu inapoanza, nayo haizungumzwi vya kutosha. Maji ya visima vya Bonde la Ufa la kati yana bikaboneti nyingi ya sodiamu pamoja na ile floraidi inayotia meno rangi ya kahawia. Maji ya namna hiyo huwa na pH ya juu. Mamia ya haidra wakioza kwa wakati mmoja hutoa amonia, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia hiyo inavyogeuka kuwa ile aina inayounguza matamvua ya samaki. Kiasi ambacho tangi la maji ya mvua lingekimeza kimya kinaweza kuua samaki wa tangi lililojazwa maji ya kisima. Usimtie dawa haidra akiwa ametanda kioo kizima. Punguza kwanza kwa njaa na kwa mpira. Kisha siku ya tatu badilisha theluthi moja ya maji, ukinyonya sakafu vizuri, na siku ya tano badilisha theluthi nyingine. Ikiwa unatumia maji ya bomba ya mjini, yaache yapumzike kwenye ndoo wazi na kipumulio kwa siku nzima ili klorini itoke. Samaki wakianza kutweta juu ya maji, badilisha nusu papo hapo, usingoje ratiba.

Rudia kipimo hichohicho baada ya wiki moja. Haidra hutaga mayai magumu hali ikiwa mbaya kwake, na mayai hayo hupita katika dawa bila kudhurika. Dozi ya pili ni ya hao wanaoanguliwa. Watu wengi huiacha kwa sababu kioo kimeng'aa, kisha baada ya mwezi wanarudi kulalamika kwamba dawa ilikuwa bandia.

Chumvi nayo inasaidia ikiwa huna dawa: gramu 5 kwa kila lita, ikiongezwa kidogo kidogo kwa siku mbili na kuachwa karibu wiki nzima. Gapi na moli huistahimili vizuri. Tetra hawaipendi, na mimea mingi huungua. Shaba siishauri. Inaua haidra, ndiyo, lakini inaua kamba na konokono pia, na tofauti kati ya kipimo cha dawa na cha sumu ni ndogo mno kwa mtu asiye na kifaa cha kupimia.

Kwa wanaozalisha samaki wa kuliwa, utaratibu ni mwingine kabisa. Usitie dawa ya mifugo kwenye bwawa au tangi la perege au kambare watakaofika mezani, ila kwa maelekezo ya daktari wa mifugo au ofisa wa samaki wa kaunti. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina kituo Naivasha, na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina wataalamu wa maji matamu. Hao ndio wa kuulizwa. Tangi la kutotoleshea lenye haidra lina tiba rahisi kuliko dawa yoyote. Baada ya kundi la viluwiluwi kuhamishwa, limwage lote, lisugue sasa kwa nguvu zako zote kwa kuwa hakuna maji ya kubeba vipande, liloweshe kwa saa moja na jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 20 za maji, suuza mara kadhaa, kisha liache lipigwe na jua kali siku mbili tatu. Nyavu, mipira na mawe ya kipumulio vifanyiwe hivyohivyo. Wavu mmoja unaozunguka kati ya matangi yote hueneza haidra haraka kuliko kitu kingine chochote.

Mimea mipya iwekwe karantini. Ndoo moja pembeni, maji, mwanga kidogo, na kile kipimo cha miligramu 0.6 kwa lita kwa siku tatu, suuza, kisha iache wiki mbili ukiichungulia kwa tochi usiku. Dafnia wa dimbwini siwezi kukupa njia ya kuwasafisha, kwa maana chochote kinachomuua haidra aliye kati yao huwaumiza nao. Wafuge mwenyewe kwenye beseni, ukianza na wachache uliowachagua kwa mrija mmoja mmoja.

Kama una ndugu pwani mwenye tangi la maji ya bahari, anapambana na binamu wa kiumbe huyuhuyu, anemoni mdogo wa kahawia aitwaye aiptasia, anayeingia akiwa amejishika kwenye jiwe. Kanuni ya kutokata ni ileile, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu aiptasia akitembea huacha vipande vya mguu wake nyuma na kila kipande huota. Fenibendazoli haimfai huyo ndugu, itamharibia matumbawe. Yeye atengeneze uji mzito wa hidroksidi ya kalisi, azime pampu, aupake mdomoni mwa anemoni kwa bomba la sindano kabla hajajikunja, au alitoe jiwe zima. Kuna konokono-uchi wa jenasi ya Berghia anayekula aiptasia peke yake na hufa njaa wakiisha.

Lililobaki ni taka. Maji uliyonyonya, majani uliyong'oa na samaki usiowataka visiende kwenye mtaro. Mitaro mingi ya Nakuru huelekea Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea, na kinachoingia humo hubaki humo, dawa pamoja na viumbe. Naivasha imeshalipa gharama ya wageni wa namna hii. Magugu ya salvinia yalionekana huko miaka ya 1960, kamba wa Louisiana wakaletwa mwaka 1970 na kusaidia kuyamaliza mayungiyungi ya buluu, gugu-maji likafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji ya tangi yamwage kwenye udongo mkavu, chini ya mti, mbali na kisima. Majani yaanike juani mpaka yavunjike mkononi, ndipo uyatie kwenye shimo la mboji. Samaki wa ziada mpe mfugaji mwingine, na mwambie kabla hajafungua mfuko kwamba tangi walilotoka lilikuwa na haidra.